Matembezi ya Kukisia Majengo ya Mjini: Maoni ya Fundi wa Mawe

Jumapili saa tatu asubuhi, kijana mmoja mwongozaji hukutana na watu Moi Avenue, Nairobi, mbele ya Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa, mkabala na hoteli ya Ambassadeur. Anampa kila mtu kadi. Kadi ina picha ya sehemu ndogo tu ya jengo au sanamu, bila jina. Kazi yako ni kuinua macho, utembee mtaa huo mpaka ukione kitu chenyewe, useme ni nini, ndipo naye akueleze. Ada ni shilingi 1,000, watoto nusu. Mimi nimejenga kwa mawe tangu ujana wangu, nikaenda na binti yangu, na pesa hiyo naitoa tena bila kusita.

Kadi ya kwanza ni ya watoto: shingo ya heroe, ndege wa miguu mirefu. Binti yangu aliwaona mara moja chini ya sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya, iliyosimamishwa mwaka 2011. Kijana akatueleza kwamba Mboya alipigwa risasi Julai 1969 karibu na hapo hapo. Simba wa mawe wa maktaba ya McMillan pale Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931, hawahitaji kukisia. Kila aliyewahi kupita akienda msikiti wa Jamia anawajua.

Utamu uko Kenyatta Avenue. Kadi ya hapo ilikuwa na maneno machache ya Kiswahili, basi. Watu walitazama mabenki, wakatazama vibao vya maduka, kumbe yako chini ya wale watu watatu wa shaba ambao sisi hupita tukikimbilia magari. Ni ukumbusho wa vita vya 1914 hadi 1918, na maandishi yake, ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Hao ndio wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, walioliachia soko letu jina la Kariokor. Mzee mmoja katika kundi aliyasoma yote kwa sauti, na hakuna aliyemharakisha.

Mbele kidogo, kwenye kona ya Koinange Street, kadi ilikuwa na orodha ya umbali wa miji. Ni nguzo ya ukumbusho wa Galton-Fenzi, aliyeendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926, wa kwanza kufanya hivyo. Nimeegemea nguzo hiyo nikisubiri watu, sasa nimeisoma.

Kisha Kipande House. Hapa nilisimama sana. Jengo ni la mwaka 1913, na mjenzi anayetajwa ni Gurdit Singh. Tazama mawe yale ya kijivu, halafu utazame mawe ya mashine tunayoletewa na malori siku hizi. Pale kuna mkono wa mtu na tindo. Na ndani ya kuta hizo hizo ndimo wanaume Waafrika walimoandikishwa na kupewa kipande, karatasi ya kazi iliyovaliwa shingoni katika kikasha cha chuma. Kijana alieleza habari hiyo polepole, akiwa amesimama pembeni ili tuone mlango. Namsifu kwa hilo. Waongozaji wengi wangesema mwaka na kusonga.

Anapokosea ni Biashara Street, anapopita mbio. Juu ya vibao vya maduka yale bado kuna madirisha na mapambo ya plasta ya enzi za wafanyabiashara wa Kihindi, na yanastahili hata kadi tatu. Pia kundi letu lilikuwa kubwa mno: wenye macho makali walitaja jibu kabla ya wengine kuangalia. Afadhali agawe watu wawili wawili, kila jozi na kadi yake.

Mwisho ni kwenye ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, ambayo sasa ni Nairobi Gallery, jirani ya Nyayo House. Kwenye ofisi hiyo ndipo umbali wa barabara za nchi huanzia kupimwa. Kiingilio cha ndani hulipwa kando. Vaa viatu vya kutembea, beba maji, na kama una mtoto wa miaka minane kwenda juu, mlete. Wao huona vitu vya juu kabla yetu. Ukitaka kupiga picha, uliza mlinzi kwanza, kwa maana jengo moja walitufukuza.