Diski Mbili za Kuakisi Data Nyumbani: Zipi Ununue Kampala na Zipi Uziache Dukani

Mwenye studio ya picha, mtunza hesabu wa SACCO, mzazi mwenye video za kwanjula (sherehe ya utambulisho) ya binti yake: wote hawa siku hizi wanamwomba fundi awawekee diski mbili ndani ya kompyuta moja, kila faili liandikwe kotekote. Ndiyo RAID 1, au kioo, maana diski moja inaakisi nyingine, na ni uamuzi wa busara. Diski moja ikifa, ya pili inaendelea na kazi. Lakini mpango wote unategemea diski zenyewe, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanauliza "Seagate au WD?" wakati swali lenye faida ni "modeli gani, na imetoka wapi?"

Jina la kampuni peke yake halikwambii mengi. Watengenezaji wa diski za sahani (hard disk zinazozunguka) waliobaki duniani ni watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba, na kila mmoja ana diski nzuri na diski isiyofaa kwa kazi hii. Seagate ndiyo iliyotoa ST3000DM001 ya TB 3, ambayo ilikufa kwa wingi hadi mwaka 2016 wateja wakaifungulia kesi Marekani. Seagate hiyohiyo ndiyo inayotengeneza IronWolf, ambayo mimi naiweka juu kabisa. Backblaze, kampuni ya Marekani inayotunza data za wateja na kuchapisha takwimu za diski zake, ilitangaza kiwango cha vifo cha asilimia 1.57 kwa mwaka 2024. Ukizifungua takwimu hizo unakuta modeli za kampuni moja zinaachana mno.

Jambo la kwanza la kuangalia ni namna diski inavyoandika. Diski za CMR huweka mistari ya data kando kwa kando. Za SMR hulaza mstari mmoja juu ya mwingine, kama mabati ya paa, ili nafasi iongezeke kwa gharama ndogo. Ukitaka kubadilisha data kidogo kwenye SMR, diski inalazimika kuandika upya na mistari jirani. Kwa mtu anayehifadhi sinema hilo halionekani. Kwenye kioo linaonekana siku mbaya kuliko zote: diski moja imekufa, umeweka mpya, na kompyuta inanakili kila kitu kutoka ile iliyobaki. CMR ya TB 4 humaliza kazi hiyo kwa saa saba au nane hivi. SMR inaweza kwenda siku kadhaa, na muda wote huo una nakala moja tu ya kila kitu.

Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa ikiuza diski za WD Red za TB 2 hadi TB 6 zenye SMR bila kuwaambia wanunuzi, ilhali Red ndiyo iliyonadiwa kwa kazi hii hasa. Baada ya malalamiko kampuni ikatenganisha majina: Red ya kawaida ikabaki SMR, Red Plus na Red Pro zikawa CMR. Kwa hiyo ukioneshwa "WD Red", soma namba iliyo kwenye lebo. WD40EFAX ni SMR. WD40EFPX ni CMR. Tofauti ni herufi moja tu.

Jambo la pili ni jinsi diski inavyofanya ikikutana na sehemu mbovu. Diski ya kompyuta ya kawaida huweza kung'ang'ania kusoma sehemu hiyo kwa muda mrefu, hadi mfumo udhani imekufa na kuiondoa kwenye kioo. Diski iliyotengenezwa kwa kazi hii huacha baada ya sekunde 7 hivi, ikatoa taarifa, na data inachukuliwa kutoka kwa mwenzake.

Nafasi ya kwanza basi inakwenda kwa Seagate IronWolf, WD Red Plus na Toshiba N300. Kwa TB 4, namba za kutafuta ni ST4000VN006, WD40EFPX na HDWG440. Zote ni CMR, zimeundwa kufanya kazi saa 24, zinahimili TB 180 za kusoma na kuandika kwa mwaka, na zina dhamana ya miaka 3. N300 huzunguka mara 7200 kwa dakika, hivyo ni ya kasi ila ina joto na kelele zaidi. Kama kompyuta iko chumba cha kulala, wenzake wawili watakusumbua kidogo tu.

Ushauri wangu ni kununua IronWolf moja na Red Plus moja. Diski mbili za modeli moja, kutoka boksi moja, zilizosafirishwa pamoja na kuwashwa siku moja, zina kila sababu ya kuchoka pamoja. Wauzaji watakwambia lazima zifanane. Si kweli. Diski hizi za TB 4 zina baiti 4,000,787,030,016 kila moja, hata kampuni zikiwa tofauti, kwa hiyo zinakaa sawasawa. Windows itakuonesha 3.63, hujaibiwa, ni namna yake ya kuhesabu.

Nafasi ya pili naipa diski za kamera za usalama: Seagate SkyHawk na WD Purple. Mjini ndizo rahisi kuzipata, kwa kuwa kila duka la CCTV linazo. SkyHawk ST4000VX016 na Purple WD43PURZ ni CMR, zimezoea kuwaka usiku na mchana, na dhamana yake ni miaka 3. Zimetengenezwa kupokea video mfululizo, kwa hiyo hazina wepesi mkubwa kwenye maelfu ya faili ndogondogo. Kwa picha, video na nyaraka za nyumbani zinatosha. Nazitanguliza mbele ya diski za seva kwa sababu moja: hizi utazipata mpya.

Diski za seva, yaani Seagate Exos, WD Gold, Ultrastar na Toshiba MG, zimejengwa imara kuliko zote nilizotaja. Nyingi huhimili TB 550 kwa mwaka na zina dhamana ya miaka 5. Ukipata mpya kweli, na kelele haikusumbui, zichukue bila wasiwasi. Shida ni kwamba nyingi za bei nafuu zilishamaliza miaka ndani ya vituo vya data ng'ambo. Halafu kuna mtego wa plagi. Geuza diski utazame sehemu ya kuchomeka: kwenye SATA, plagi ya kompyuta za kawaida, kuna pengo kati ya sehemu ya data na ya umeme. Kama pengo limezibwa na plastiki yenye meno ya dhahabu, hiyo ni SAS, plagi ya seva, na haiingii kwenye kompyuta yako ya nyumbani hata ukipewa bure.

Barracuda ST4000DM004 na ndugu zake wa kompyuta za kawaida ni SMR. Ziache. Diski ndogo za laptopu za TB 1 au 2 zinazouzwa leo karibu zote ni SMR pia, na hizo naziweka mwisho kabisa, pamoja na wazo la kuakisi diski mbili za nje kwa waya wa USB, ambao ukitikiswa kidogo kioo kinavunjika. Kama data yako haifiki TB 1, nunua SSD (diski zisizo na sahani) mbili za SATA za kampuni tofauti uachane na diski za sahani.

Kabla ya kulipa pima pia nafasi ndani ya kompyuta. Zile Dell OptiPlex nyembamba za mitumba zilizojaa mjini nyingi zina kitanda kimoja tu cha diski kubwa.

Mpya, au mpya ya mdomoni?

Mwanzoni mwa mwaka 2025 iligundulika Ujerumani kwamba diski za Exos zilizotumika maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, kumbukumbu za saa zikiwa zimefutwa. Kama yametokea kwenye maduka ya huko, huku tuna kila sababu ya kukagua. "Ssebo, hii ni mpya kabisa" isikutoshe. Tazama matundu ya skrubu: nyuzi zilizokwaruzika zinaonesha diski iliwahi kufungwa mahali. Tazama meno ya dhahabu ya plagi: mistari myembamba ni alama ya kuchomekwa. Soma tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo. Diski ya mwaka 2018 yenye saa sifuri inahitaji maelezo.

Kisha iunganishe hapohapo dukani. CrystalDiskInfo kwenye Windows itakuonesha saa ilizowaka na hali ya sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data. Mistari ya 5, 197 na 198 (programu hiyo huiandika 05, C5 na C6) lazima iwe sifuri kwenye diski mpya. Kwa Seagate nenda hatua zaidi: kwenye Linux yenye smartmontools 7.4 au zaidi, amri smartctl -l farm husoma kumbukumbu nyingine ya saa, ile iliyowafichua wauzaji wa Ujerumani. Muuzaji akikataa kuiwasha diski mbele yako, aga uondoke.

Ingiza pia namba tambulishi (serial number) kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama dhamana inahesabika Uganda. Diski iliyoingizwa kupitia Dubai, au iliyotolewa ndani ya kompyuta ya kiwandani, mara nyingi haina dhamana kwako, hivyo unabaki na neno la muuzaji. Dai risiti yenye namba hiyo. Na ukipanda boda, diski ibaki kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, imeviringishwa, iwe kifuani mwako. Mshtuko wa shimo la barabara huipata hata ikiwa imezimwa.

Bajeti iwe na UPS, betri ya akiba ya kompyuta. Wiring yako iwe nzuri namna gani, UEDCL, kampuni ya umeme, wakikata, au Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha katikati ya kuandika, diski mbili zinaweza kubaki na maandishi yasiyolingana, na kompyuta itatumia saa nyingi kuzilinganisha upya. UPS ya dakika chache inatosha kuzima kwa utaratibu. Radi za huku Ziwa Victoria, mwizi na faili ulilofuta mwenyewe huzipata diski zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo tenga na fedha ya diski ya tatu, ya nje, itakayokaa kwa ndugu au ofisini.

Windows Home ina Storage Spaces, ambayo inaakisi bila programu ya kununua; Linux ina mdadm. Kabla ya kupakia data, endesha jaribio refu la SMART, yaani diski kujipima yenyewe, kwa kila diski, ndani ya siku ambazo duka bado linakubali kurudishiwa mali. Andika kwa kalamu ya wino mzito namba tambulishi ya kila diski upande unaoonekana kifuniko kikifunguliwa, ili siku moja ikifa fundi asichomoe ile nzima.