Nimeagiza picha za nyota Arizona nikiwa Tukuyu

Ukiishi Tukuyu ukasema unapenda kutazama nyota, watu wanakuonea huruma. Huku Rungwe mvua ikianza Novemba haituachi mpaka Mei, na usiku usio na mvua una ukungu. Nafundisha fizikia sekondari, na kwa miaka mingi mada ya astronomia ya kidato cha nne nimeipitisha kwa chaki: duara hili jua, duara lile dunia, andikeni. Januari nikaamua kujaribu MicroObservatory.

Ni huduma ya bure ya kituo cha astronomia cha Harvard na Smithsonian, Marekani, na ipo tangu miaka ya 1990. Wana darubini ndogo zinazojiendesha zenyewe, kioo cha inchi 6 tu, zimewekwa jimbo la Arizona. Usitegemee kuishika darubini na kuizungusha. Ni kama kumwachia fundi cherehani kitambaa: unachagua unachotaka kupigwa picha, unachagua lenzi iwe wazi sekunde ngapi (mwisho 60), unaacha barua pepe, unaenda zako. Baada ya siku moja au mbili picha inakuja. Darubini zenyewe zina majina ya watu. Moja inaitwa Cecilia, kwa heshima ya Cecilia Payne, yule mama aliyeonyesha mwaka 1925 kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni hidrojeni. Wasichana wangu walitaka kila oda iende kwa Cecilia.

Kilichowachanganya wanafunzi ni saa. Arizona iko nyuma yetu saa kumi. Sisi tukiwa mstarini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kule ni saa mbili na nusu usiku na darubini ndiyo kwanza imeanza kazi. Nilikuwa nimefundisha mzunguko wa dunia mara sijui ngapi, ila ulieleweka siku ile kijana mmoja wa nyuma aliposema, "Kwa hiyo mwalimu, sisi tunafagia wao wanapiga picha."

Oda ya kwanza ilikuwa nebula ya Orioni, chini ya zile nyota tatu zilizopangana mstari. Barua pepe ilipofika, nikaifungua kwenye kishikwambi, wanafunzi kama kumi na tano wamenizunguka. Nyeusi tupu, na vidoa vyeupe vitatu vinne. Nikaona aibu. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba picha ya namna hii haiji imepikwa. Inakuja kwenye faili la FITS, aina ya faili wanayotumia wanaastronomia kwa picha ghafi, nawe ndiye unayeamua mwanga wake, kwa programu inayofunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Nikabadilisha kipimo cha mwanga kuwa cha logariti, kinachoinua sehemu hafifu zionekane, nikavuta taratibu. Kwanza ukatokea ukungu katikati, halafu bawa moja, halafu la pili. Darasa likanyamaza. Binti mmoja akasema, "Kama moshi wa kuni mbichi." Wa Tukuyu hawezi kukosea moshi wa kuni mbichi. Ni wingu la gesi na vumbi linakozaliwa nyota, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 1,300. Nuru ile iliondoka kule kabla Kilwa haijawa na sultani.

Oda ya mwezi ilituharibikia kwa kosa letu. Aliyekuwa zamu aliona muda ulioshauriwa ni mdogo mno, akaongeza "ili uonekane vizuri". Ukaja mweupe pee, kama chapati kabla haijaguswa na moto. Tukarudia kwa muda mfupi, mashimo yakaonekana.

Mambo ya kujua kabla hujaanza: picha ni ndogo na haina rangi. Ukitaka rangi unaagiza tatu kwa vichujio vyekundu, kijani na bluu, kisha unaziunganisha mwenyewe, na ikiwa moja imepigwa mawingu kule, kazi yote imelala. Maelezo yote ni Kiingereza. Kwenye bando sina la kulalamika, faili ni jepesi. Mtandao wa huku ndio ulinitesa, hasa mvua ikichanganya na radi, lakini hilo si kosa la darubini.

Zipo huduma nyingine. Slooh ni ya kulipia, na kwa mwalimu wa kata hilo limekwisha. Las Cumbres wana darubini kubwa zaidi, zikiwemo za mita moja pale Sutherland, Afrika Kusini, ila muda wake unauomba kupitia washirika wao wa elimu, bado najipanga. Ukiwa na kompyuta ya Windows inayowaka bila kubembelezwa, jiunge na IASC, mradi wa kimataifa wa shule, mtafute asteroidi, yale mawe yanayozunguka jua: mnapewa picha nne za sehemu moja ya anga, mnatafuta nukta inayohama. Kompyuta ya shule yetu haikukubali.

Juni mawingu yalifunguka, baridi ile ya kuvaa masweta mawili. Nikawatoa nje wanafunzi wa bweni baada ya prepu. Mmoja akaonyesha Msalaba wa Kusini, akataka tuagize picha yake. Nikamwambia haiwezekani, kwa Arizona msalaba ule hauchomozi mzima. Akautazama msalaba, akanitazama, akasema basi wao ndio watuombe sisi.

Julai mpaka Septemba ni zamu ya Arizona kunyeshewa, kwa hiyo oda nimesimamisha. Tunatoka nje kila Ijumaa, kwa macho na darubini moja ya mkono ya kuazima. Novemba mvua ikianza nitamwandikia tena Cecilia.