Television Centre, London: studio 3 zimebaki, 5 zimevunjwa, na haya ndiyo maoni yangu

Hii ni rivyuu ya jengo zima, sio ya hoteli peke yake wala migahawa ya pale chini, maana swali nililokwenda nalo lilikuwa moja tu: jengo la studio likishazeeka na wenyewe wakahama, ukaligeuza makazi na sehemu za starehe, bado ni jengo lile lile au limebaki ganda lenye jina kubwa? Nimelipatia nyota tatu na nusu kati ya tano na nitaeleza kwa nini, ila nivumilieni kidogo maana hili jambo linanigusa kweli kweli.

Kwa asiyelijua, Television Centre iko White City, magharibi mwa London, ukitoka stesheni ya treni ya chini ya ardhi unaliona hapo ng'ambo ya barabara. BBC walilifungua Juni 1960. Msanifu wake, Graham Dawbarn, alipewa kiwanja chenye umbo gumu, na stori inayojulikana ni kwamba alichora alama ya kuuliza kwenye bahasha akiwa anawaza afanye nini, halafu akagundua umbo la alama hiyo ndilo jibu lenyewe. Na mchoro ulikuwa na akili sana jamani. Katikati kuna duara, studio zimepangwa kulizunguka kwa nje, wasanii na wafanyakazi wanaingilia upande wa ndani, seti na mizigo mizito inaingilia upande wa nje kupitia njia inayozunguka jengo, kwa hiyo wanaosukuma ukuta wa mbao wa seti hawagongani na mwigizaji ambaye keshavaa na keshapakwa poda. Jengo zima lilipangwa kwa kufuata kazi inavyokwenda, na ndio maana nasema huwezi kuliongelea kama unaongelea jengo la ofisi.

Sasa mwaka 2012 BBC wakaliuza kwa Stanhope, kampuni ya kuendeleza majengo, kwa kama pauni milioni 200, na Machi 2013 wakafunga mlango. Kilicholiokoa lisivunjwe lote ni kwamba miaka michache kabla, 2009, lile duara la katikati pamoja na Studio 1 vilikuwa vimeshawekwa kwenye daraja la II la majengo yanayolindwa kisheria. Zingatia hapo, duara na Studio 1, sio kila kitu. Studio kubwa zilikuwa nane, zimebaki tatu, yaani namba 1, 2 na 3, zile tano nyingine zikavunjwa kupisha majengo mapya ya kuishi watu. Hizo tatu zilikarabatiwa zikafunguliwa tena 2017, na mwaka uliofuata ITV, televisheni ya kibiashara ya Uingereza, wakahamishia pale vipindi vyao vya asubuhi na mchana, mpinzani wa miaka yote akawa anarusha matangazo kutoka kwenye nyumba ya BBC, mimi hilo lilinifurahisha sana kwa sababu linaonyesha studio nzuri haina chama, ukiiacha hai watu wa kazi watakuja tu.

Nianze na mazuri. Zamani ulikuwa huingii bila kazi maalumu, kulikuwa na geti na walinzi, sasa hivi uwanja wa mbele uko wazi, unakatiza tu, watoto wanacheza, watu wamekaa wanakula. Ukuta wa Studio 1 wenye vile vidoti vya duara uko pale pale umesafishwa vizuri. Ukiingia kwenye ua wa lile duara unaikuta sanamu ya Helios, mungu jua wa Wagiriki, imesimama juu ya nguzo yake. Matofali, vioo vya ngazi, mosaiki, wamevitunza kwa heshima, huoni zile rangi za ajabu ajabu wanazopenda wakarabati wengi. Kwenye hili nawapa kongole bila kusita.

Ila mimi roho yangu iko studio. Kama mnapata nafasi, ombeni tiketi ya kukaa kama mtazamaji kipindi kinaporekodiwa, tiketi za namna hii kwa Uingereza kwa kawaida ni bure, na kwa kawaida pia hutolewa nyingi kuliko viti kwa hiyo wahini foleni mapema, msije mkalaumu. Studio 1 ina karibu mita za mraba 1,000, juu kuna gridi, yaani fremu ya vyuma ya kutundikia taa, imejaa laiti, sakafu ni laini na sawa kabisa ili kamera iteleze bila kuruka, na kitu kinachokushtua zaidi ni ukimya, milango mizito ikifungwa ule mji wote wa nje unapotea, treni hamna, helikopta hamna, unasikia mpaka mtu wa mstari wa nyuma akikohoa. Huo ukimya haujaja wenyewe. Studio nzuri hujengwa kama chumba ndani ya chumba, kuta mbili zisizogusana, sakafu iliyotenganishwa na msingi ili mtikisiko usipande, mifereji ya hewa mipana ili AC ipeleke hewa polepole isivume. Ni gharama kubwa sana kuijenga upya leo, na ukishaibomoa huwezi kuirudisha kwa kuweka picha ukutani.

Ndio maana zile tano zinaniuma. Ukitembea kulizunguka duara unafika upande ambao mpangilio wote wa Dawbarn umekatika, kulikuwa na studio, sasa kuna fleti. Duara limebaki ila kazi ya duara imebaki nusu. Na wanaosema "si wamebakisha sura" nawaelewa lakini sikubaliani nao, sura ya jengo la studio ndiyo sehemu yake rahisi kuliko zote, thamani iko kwenye vyumba visivyo na madirisha ambavyo mpita njia havioni.

Niwe mkweli pia kwa upande wa pili, maana wanaotaka kuvunja hawana wazimu. Majengo ya miaka ile mengi yana asbesto, iliwekwa kuzuia moto na kumeza sauti, na kuiondoa ni kazi ya hatari na hela nyingi. Nyaya zimepitishwa juu ya nyaya kwa miaka mingi. Kamera zimekuwa ndogo, kipindi kilichohitaji ukumbi mzima leo kinafanyika kwenye chumba cha kawaida. Na chumba kisicho na dirisha hakigeuki ofisi wala chumba cha kulala kirahisi. Mhasibu akikaa chini na hesabu zake, kuvunja kunashinda karibu kila mara, hasa kiwanja kikiwa katikati ya mji mkubwa.

Lakini hesabu hizo zinasahau kitu. Angalia Pebble Mill kule Birmingham, jengo la BBC lililofunguliwa 1971, wakahama 2004, mwaka uliofuata likavunjwa. Halafu kiwanja kikakaa miaka na miaka kitupu, mpaka baadaye sana ndio ikajengwa hospitali ya meno. Sasa haraka yote ile ilikuwa ya nini? Au nenda Hollywood, kwenye barabara moja ya Sunset Boulevard mwaka 1938 zilifunguliwa nyumba mbili kubwa za redio, ya NBC na ya CBS. Ya NBC ilivunjwa 1964, ikapisha jengo la benki. Ya CBS, Columbia Square, ilibaki, ikapata ulinzi wa mji wa Los Angeles, ikakarabatiwa, na leo bado watu wanaingia na kutoka kazini mle ndani. Umri ule ule, barabara ile ile, kilichotofautiana ni uamuzi tu.

Ila mfano wangu mkubwa ni Flagey, Brussels, na kwangu hiyo ndiyo nyota tano kamili. Ilijengwa 1938 na msanifu Joseph Diongre kwa ajili ya redio ya taifa ya Ubelgiji, miaka ya 1970 watangazaji wakahamia Reyers, sehemu nyingine ya Brussels, kwenye majengo mapya ya kisasa, jengo likachakaa mpaka watu wakalikatia tamaa. Ukarabati ukaanza 1998, likafunguliwa tena 2002 kama nyumba ya muziki na sinema, na hawakubakisha ukuta wa nje peke yake, wamebakisha studio zenyewe, Studio 4 inasifiwa na wanamuziki mpaka leo kwa jinsi sauti inavyokaa mle ndani. Na sasa sikilizeni hili, yale majengo ya Reyers waliyohamia kwa sababu ni ya kisasa, sasa ndiyo mpango ni kuyaondoa na watangazaji wanajengewa mengine pembeni. Lile la kizee lililokimbiwa linapiga kazi, lile jipya ndilo linaloaga.

Berlin nako kuna Funkhaus ya Nalepastraße, aliichora Franz Ehrlich, mwanafunzi wa Bauhaus, ile shule maarufu ya usanifu ya Ujerumani, kwa ajili ya redio ya Ujerumani Mashariki miaka ya 1950. Nchi yenyewe imekufa, redio yenyewe imekufa, kumbi za kurekodia bado zinarekodi. Na London hapo hapo Maida Vale, jumba la 1909 la kuchezea viatu vya magurudumu ambalo BBC waliligeuza studio 1934, walipotaka kuondoka wengi tukadhani basi tena, 2020 likawekewa ulinzi wa kisheria, 2023 likanunuliwa na kundi la watu akiwemo mtunzi wa muziki wa filamu Hans Zimmer ili liendelee kuwa studio. Hapo ndipo naposema mnunuzi sahihi anaweza kuwepo, tatizo wauzaji wengi hawamsubiri, wanampa wa kwanza anayekuja na ramani ya fleti.

Kwa hiyo mimi siombi kila jengo libaki. Kuna studio zilijengwa ovyo tangu siku ya kwanza, zina asbesto kila kona na sauti mbaya, hizo vunja, piga picha kwanza, okoa kanda na vifaa, vunja. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuamua mtu aingie ndani na masikio yake, apige makofi katikati ya chumba asikie sauti inavyorudi, awaulize mafundi sauti na watu wa laiti, sio kukadiria thamani ukiwa umesimama barabarani.

Turudi White City kwa anayetaka kwenda. Kuzunguka uwanja na ua ni bure na inatosha kabisa kufurahisha mpenzi wa majengo. Vyakula na vinywaji bei ni ya juu, jiandae. Sehemu kubwa ya starehe ni ya klabu ya wanachama kwa hiyo usishangae ukizuiwa mlangoni. Nenda siku ambayo kuna kurekodi, ukienda siku nyingine utaona fleti nzuri zenye historia na utaondoka hujaelewa tunapiga kelele za nini. Hiyo nyota moja na nusu niliyokata ni ya zile studio tano, na hata wangebakisha moja tu zaidi, upande ule duara lilipokatika, ningepandisha mpaka nne na nusu.