TAHADHARI: Anayejiita kiongozi wa mlima ni tapeli, ametuibia watu 14

Naandika bado natetemeka kwa hasira. Wengine wenu mlikuwepo, nivumilieni nikirudia. Msiokuwepo: kuna jamaa anauza safari ya siku moja ya kupanda mlima kwenye njia ya mzunguko, anakula hela ya kundi zima kisha anazima simu. Hela niliikusanya mimi. Na aliyesema "huyu ni mtu safi, niachieni mimi" ni mimi huyuhuyu.

Kwanza nieleze kwa nini nilimwamini, maana najua mnanicheka huko pembeni. Huyu jamaa mlima anaujua. Siku ya kwanza nampigia hakugusa habari ya hela kabisa. Aliuliza tuko wangapi, nani ana pumu, nani ana shida ya goti, nani anapanga kuja na viatu vipya ambavyo hajavitembelea. Nikamtajia yule dada wa magoti. Akasema, "Huyo akae mbele, kundi lifuate mwendo wake, asiachwe akimbizane na wenye nguvu." Jamani, tapeli gani anaongea hivyo? Akanieleza kwamba kila mkipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6, kwa hiyo fulana ya pamba ikilowa jasho inakuwa adui, kila mtu abebe ya kubadilisha. Akanifundisha na kanuni ya Naismith, yule mpanda milima wa Scotland wa mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, halafu uongeze saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Nikaiandika kwenye daftari kama mwanafunzi mwenye adabu. Nilipotaka kutuma kianzio, akakataa! "Hela baadaye dada yangu, tuangalie hali ya hewa kwanza." Mtu kakataa hela mkononi. Hapo ndipo aliponimaliza.

Alhamisi nashuka ngazi, begi begani, simu ikaita. Anahema, nyuma yake kelele za watu. "Dada, vibali vya makundi vinafungwa saa 10. Zimebaki nafasi 15, nyie mko 14, na kuna kundi lingine limesimama hapa dirishani." Nikatazama saa: 9 na dakika 40. Nikakaa palepale kwenye ngazi, watu wananiruka, nikatuma nusu. Hata sijanyanyuka akapiga tena: mfumo haupokei nusu kwa kundi linalozidi watu 10, imalizwe yote la sivyo nafasi zinachukuliwa. Jina lililotokea kabla sijathibitisha halikuwa lake. Nililiona, wala sikatai. Nikajiambia labda ni la mhasibu, nikabonyeza. Akasema, "Umewaokoa wenzako." Nikamshukuru. Mtu kanikwapulia hela nami namwambia ahsante sana kaka, Mungu akubariki! Jioni akatuma kibali chenye muhuri na picha ya ramani, nami nikavirusha kwenye kundi kwa madaha yote mliyoyaona.

Jumamosi saa 11 na nusu alfajiri tuko getini, giza, taa za kichwani zinamulikana usoni, baridi inang'ata. Kiongozi hapatikani. Nikasema mtandao wa huku mbovu. Ikafika saa 12, nikasema amekwama njiani. Nikazunguka nyuma ya choo nikajifanya naongea naye, nacheka kwa sauti ili mnisikie, kumbe sikioni ni ile sauti ya "namba unayopiga haipatikani". Leo nakiri.

Askari wa geti akakimulika kibali mara moja tu: tarehe imebandikwa juu ya tarehe nyingine. Akaangalia na ramani, ule mchoro wa mwinuko uliopo chini yake, unaoonyesha njia inavyopanda na kushuka, akaniita kando kwa huruma. "Binti, huu mzunguko wenu unaanza mita 1,900 unaisha mita 2,600. Gari mtalifuata kwa kuruka?" Nilitamani ardhi ipasuke. Mzunguko unaishia pale ulipoanzia! Mita mnazopanda na mnazoshuka lazima zilingane. Alichotutumia ni kipande cha njia nyingine kabisa, na watu 14, wengine mnajiita wahasibu, tuliitazama ile picha siku mbili tukiweka vidole gumba.

Njia yenyewe ina kilomita 19 na mita 1,200 za kupanda. Yeye aliandika 12 na 700, "ndani ya saa 4 mmemaliza". Pigeni hesabu kwa kanuni ileile aliyonifundisha: ni karibu saa 6 bila kusimama, na sisi kusimama ndiyo kazi yetu. Sasa tungeingia na ile picha bila kiongozi? Kwenye mzunguko ukishavuka nusu hakuna mkato, kurudi ni mbali kuliko kumalizia. Radi za mchana zingetukuta juu kwenye ukingo, giza lingetukuta na yule dada wa magoti bado anashuka. Hela sawa, ameiba. Lakini alikuwa tayari tufe.

Dalili nyingine? Picha zake zote ni migongo ya watu kwenye ukungu. Nilipomwomba faili la njia, lile la GPS la kutuongoza tukitembea, niliweke kwenye simu, alituma picha ya skrini. Lile jina nimeshasema. Zingine zitanijia nikitulia, sasa hivi siwezi, nikifumba macho namwona anahesabu hela zetu. Huyu akikamatwa jela naona haitoshi. Apewe mabegi yetu yote 14 ayapandishe peku, ashuke, aambiwe kibali chake kina kasoro, aanze upya. Usiku. Taa anyimwe. Na yule mhasibu wake awe anamfuata nyuma na maji ya kumwonyesha tu!

Taarifa polisi nimeshatoa, rekodi ya simu ile ya ngazini ninayo. Mwenye kuitambua sauti aje tuongee faragha. Hela za watu nitazirudisha mwenyewe, kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, dada wa magoti akiwa wa kwanza. Aliyeandika kwenye kundi kwamba tuligawana na tapeli, jina lako nimelihifadhi, wewe utakuwa wa mwisho.