MRI ya kichwa bila ADC: tumelipia kipimo, tumepewa nusu ya jibu

Nyota moja. Nilitaka kuweka sifuri, mfumo umekataa.

Kituo chenyewe sikitaji. Ukubwa wa sumaku yao na ubaridi wa kiyoyozi cha mapokezi yamo kwenye bango lao, kasome huko. Kinachoniwasha ni jambo moja tu: majuzi wamempiga mgonjwa wetu MRI ya ubongo, kontrasti wamedunga na pesa yake wamechukua, kisha wamerudisha CD isiyo na ramani ya ADC, picha inayoonyesha kwa namba jinsi maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Na kwenye ripoti wameandika bila hata kigugumizi: "uvimbe, inaelekea ni glioblastoma, ashauriwe biopsi."

Yaani saratani kali ya ubongo, akatwe kinyama kikapimwe. Inaelekea kwa ushahidi gani?

Kilichoonekana kwenye T1 (aina mojawapo ya picha za MRI) baada ya kontrasti ni pete: ukingo unang'aa, katikati giza. Sasa pete hiyo inavaliwa na kila mtu. Jipu la usaha linaivaa, glioblastoma inaivaa, saratani iliyosambaa kutoka pafu au titi nayo. Kifua kikuu cha ubongo, toksoplazima kwa mwenye VVU ambaye CD4 zimeshuka chini ya 100, lava wa tegu wa nguruwe anayekufa (ukipokea wagonjwa kutoka Mbulu au Mbozi humsahau huyu), hata kiharusi cha wiki mbili. Kusoma pete peke yake na kutaja jina la ugonjwa ni kupiga ramli.

Jibu liko ndani ya pete. Usaha ni mzito, umejaa seli na protini, maji yaliyomo hayana pa kwenda. Katikati ya saratani iliyooza mara nyingi ni majimaji mepesi, yanatembea yatakavyo. DWI, aina nyingine ya picha ya MRI, kazi yake ni kupima mwendo huo. Unapiga picha mbili, b0 isiyopima mwendo na b1000 inayoupima, dakika mbili hazifiki, na kontrasti haihitajiki. Usaha unatoka mweupe kwenye DWI na mweusi kwenye ADC. Ule weusi ndio ushahidi, kwa sababu DWI ina ulaghai wake: kitu chochote chenye T2 ndefu, yaani ambacho mwangwi wake wa sumaku unachelewa kufifia, kinaweza kung'aa humo kwa mwanga wa kuazima, bila maji yake kuzuiwa popote. ADC inauondoa huo mwanga wa kuazima. Kunipa DWI bila ADC ni kunipimia samaki pamoja na barafu.

Nikapiga simu. Dada wa mapokezi hata salamu hakuimalizia: "Dokta, picha zote zimo kwenye CD. Hiyo nyingine ni kipimo kipya, mgonjwa arudi alipie."

Kipimo kipya! Dada yangu, ADC haipigwi. Ni hesabu ya picha mbili ambazo tayari mnazo: unagawa mwanga wa b0 kwa mwanga wa b1000, unachukua logarithimu asilia, unagawa kwa 1000. Mashine inafanya yenyewe kabla mgonjwa hajavaa viatu. Nilimweleza, akaniambia nisimfundishe kazi, akakata.

Hapo ningemalizia, lakini haki ya mtu lazima itolewe. Mteknolojia wa mionzi alikuwa anasikia. Akanipigia kwa simu yake mwenyewe, akaeleza kwamba mashine ilipofungwa ilipangwa kupeleka baadhi tu ya mafungu ya picha kwenye CD, tena kwa JPEG, na kwamba ramani ya ADC hubaki kwenye kompyuta yao hadi ifutwe kupisha nyingine. Ya mgonjwa wetu ilishafutwa. Ila b0 na b1000 zilikuwepo, na jioni hiyohiyo akanitumia DICOM zake, faili asili za mashine ambazo mwanga wake unapimika. Kijana mwelewa, na namwombea apate mwajiri mwingine.

Nikaweka kiduara kidogo cha kupimia katikati kabisa ya pete, mbali na ukingo na mbali na chochote kinachofanana na damu. Mwanga wa b0 ulikuwa kama 840, wa b1000 kama 510. Piga hesabu: inakuja 0.5 hivi, kwa kipimo cha sehemu ya elfu ya milimita mraba kwa sekunde. Ubongo mweupe wa kawaida uko 0.7 hadi 0.8. Majimaji ya saratani iliyooza kwa kawaida yanavuka 1.1, mara nyingi yanakaribia 2. Kwa mfano, 840 hiyo ingeshuka hadi 125, jibu lingekuwa 1.9 na ningenyamaza. Lakini 0.5 ni usaha hadi ithibitike vinginevyo.

Na hata bila hesabu, picha zao zenyewe zilikuwa zinapiga kelele. Ukuta wa pete ni laini, unene sawa, isipokuwa upande unaotazama chumba cha maji ya ubongo, ambako umekonda. Hivyo ndivyo jipu linavyofanya, na huko ndiko linakopasukia, ndiyo maana halisubiri foleni ya biopsi ya wiki tatu. Glioblastoma mara nyingi ukuta wake ni mnene, wenye vinundu. Kwenye SWI, picha inayonasa damu na chuma, kulikuwa na pete mbili, ya nje nyeusi na ya ndani nyeupe. Hiyo nayo inaegemea jipu. Lakini kilichonitia hasira kuliko vyote: pete iko pale sikio linapokaribia ubongo, na kwenye T2 mfupa nyuma ya sikio hilohilo umejaa maji, mweupe pee. Ripoti haina hata neno moja kuhusu sikio. Aliyeandika aliangalia pete akasahau jirani yake.

Hapa nijirudi kidogo. Karibu na mfupa wa sikio na juu ya matundu ya pua DWI ya kawaida hupinda, hewa inaharibu uga wa sumaku na kuleta michirizi myeupe ya uongo. Na huko ndiko majipu ya ubongo yanakopenda kuota. Kwa hiyo msomaji akisitasita namwelewa, apige tena kwa mkato wa mbele kwenda nyuma au kwa mbinu isiyopinda. Vilevile ADC ina wasaliti wake: limfoma (saratani ya seli za kinga) nayo huwa nyeusi, damu ndani ya saratani iliyosambaa pia, wakati toksoplazima mara nyingi haizuii maji kabisa, na jipu lililokula antibiotiki wiki kadhaa linaweza kupoteza weusi wake. Kifua kikuu chenye jibini gumu katikati ukitafute kwenye T2, huwa cheusi. Ukibaki njiapanda kuna spektroskopi, MRI inayopima kemikali: asidi za amino kwenye 0.9 ni usaha, kolini (ya kuta za seli) juu na NAA (ya seli za neva) chini ni uvimbe. Glioblastoma kuandikwa kama uwezekano nisingegomba. Kuandikwa peke yake ndiyo kosa.

Na kosa lingine ni letu. Fomu ya rufaa iliyotoka wodini imeandikwa "MRI ubongo, ? uvimbe", basi. Hakuna sikio linalotoa usaha tangu zamani, hakuna majibu ya VVU, haijaandikwa kama deksamethasoni, dawa ya steroidi, imeanza, na hiyo inafifisha pete na inaweza kuiyeyusha limfoma kabla sindano ya biopsi haijafika. Kukosa homa kusitudanganye, wengi wenye jipu hawana. Siku hizi naandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: DWI pamoja na ADC, SWI, T2, FLAIR, T1 kabla na baada ya kontrasti kwa mkato uleule, dakika 5 za kusubiri baada ya sindano, CD ya DICOM.

Usaha ulivutwa, umekwenda maabara. Kwa ajili ya yule mteknolojia nilipandisha hadi nyota tatu, na meneja akaahidi kutuma CD kamili bila malipo.

Bodaboda ameileta leo mchana. Nimeifungua: JPEG 24, zilezile. Nimerudisha moja.