DOOM Ipi Ununue? Anza na Lawama za Wahakiki, Alama Baadaye

DOOM ni mfululizo wa gemu za risasi ambamo unapigana na mashetani. Ile mpya, DOOM: The Dark Ages, ilipotoka tarehe 15 Mei 2025, wahakiki wengi waliipokea vizuri. Alama zake kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, zinazunguka 85 kwa 100. DOOM ya 2016 nayo iko hapo hapo, na DOOM Eternal ya 2020 imezidi kidogo tu. Mnunuzi anayetegemea namba hizo bado hajaambiwa kitu. Gemu zote tatu zimetoka kwenye studio moja, id Software ya Marekani, lakini uchezaji wake hauna undugu mkubwa. Namfahamu mtu aliyemaliza ya 2016 mara tatu, kisha akaiacha Eternal kabla ya kufika katikati na hakuigusa tena.

Ndiyo maana hakiki za The Dark Ages nilizisoma kuanzia kwenye lawama. Sifa karibu zote ni zile zile: bunduki zina uzito mkononi, picha zinavutia, mapigano hayapoi. Lawama ndizo zinazokueleza gemu inamdai nini mchezaji. Mhakiki akisema Eternal inamchosha vidole na kichwa, amekuonyesha kazi utakayoifanya kwa saa 15 au zaidi. Wewe ndiye unayejua kama kazi hiyo unaitaka.

Mpangilio huu ni kwa mtu asiye na DOOM hata moja, mwenye pesa ya kununua moja kwanza. Zote ni za watu wazima. Damu inamwagika tangu dakika ya kwanza, kwa hiyo usimnunulie mtoto kwa sababu tu picha ya jalada imempendeza.

1. DOOM (2016)

Hakuna DOOM iliyosubiriwa kwa mashaka kama hii. Wiki chache kabla haijatoka, watu waliruhusiwa kujaribu sehemu ya kushindana mtandaoni, na wengi hawakuipenda. Kisha Bethesda, wachapishaji wake, hawakuwapa wahakiki nakala za mapema. Kwa kawaida mchapishaji akificha gemu namna hiyo, kuna jambo anaogopa lijulikane. Tarehe 13 Mei 2016 wahakiki na wanunuzi waliingia pamoja, na ndani ya siku chache habari ikageuka: sehemu ya kucheza peke yako ilikuwa bora kuliko mtu yeyote alivyotegemea.

Siri yake ni uamuzi mmoja. Katika gemu nyingi za risasi, ukijeruhiwa unajificha nyuma ya ukuta mpaka uhai urudi. Hapa uhai uko mwilini mwa adui. Ukimdhoofisha anaanza kuwaka, ukimsogelea unammaliza kwa mikono, na kutoka kwake vinamwagika vitu vinavyokuponya. Kwa hiyo ukikaribia kufa unasonga mbele badala ya kurudi nyuma. Hakuna kusimama kupakia risasi, hakuna kungoja. Ukishazoea mtindo huu, gemu ya kujibanza nyuma ya ukuta inakuwia nzito kuirudia.

Muziki wa Mick Gordon ulishinda tuzo ya muziki na sauti kwenye The Game Awards, sherehe ya tuzo za gemu, mwaka huo huo. Vaa hedifoni.

Lawama? Kwamba baada ya nusu unaanza kuona mchezo unavyojirudia: unaingia ukumbini, milango inafungwa, mashetani wanatokea, unawaua wote, milango inafunguka. Ni kweli. Na sehemu ya mtandaoni ni ya kawaida sana, usiinunue kwa ajili hiyo. Ila lawama hizi ni nyepesi, hazimfukuzi mtu. Kompyuta ya wastani ya miaka kadhaa iliyopita inaimudu, konsoli za kizazi cha PS4 na Xbox One zinaicheza, hata Nintendo Switch inayo toleo lake, ingawa picha zake zina ukungu kidogo. Na kwa kuwa umri umeenda, mara nyingi hupunguzwa bei mpaka ikawa sehemu ndogo ya ile ya mwanzo. Huu ndio mlango wa kuingilia.

2. DOOM + DOOM II

Usishangae kuona gemu za 1993 na 1994 zikiikalia juu ya ile ya 2025. Kifurushi hiki kilitolewa upya Agosti 2024, na kwa bei yake sioni kinachokikaribia. Ndani kuna gemu zote mbili, nyongeza za zamani kama TNT: Evilution na The Plutonia Experiment, na sura mpya kabisa iitwayo Legacy of Rust. Mtandaoni mnaweza kucheza hadi watu 16, hata kama mmoja yuko kwenye kompyuta na mwingine kwenye konsoli. Hatua zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe unaweza kuzipakua ndani ya gemu, kwa hiyo mwisho wake huuoni karibu.

Lawama zinazosikika siku zote ni mbili: picha ni za kale, na ramani zinapoteza watu. Ya kwanza inaisha baada ya nusu saa, macho yanazoea. Ya pili haiishi. Utazunguka ukitafuta ufunguo mwekundu huku umeshaua kila kitu, na kuna siku utafungua ramani mara kumi kwa hatua moja. Kama jambo hilo linakukera, ishushe nafasi mbili. Lakini wepesi wa mwendo wake ungali hai. Unakimbia kama upepo, na shotgani yake bado ina mlio unaoridhisha kuliko bunduki nyingi za leo. Kompyuta yoyote itaiendesha.

Aliyewahi kununua DOOM au DOOM II kwenye matoleo ya kabla ya hili alipewa toleo jipya bure, kwa hiyo tazama kwanza maktaba yako.

3. DOOM: The Dark Ages (2025)

Hii ndiyo inayoulizwa zaidi, na jibu linategemea vitu viwili: mashine yako na unavyopenda kupigana.

Kwanza mapigano. Eternal ilikufanya ndege, hapa umekuwa kifaru. Una ngao yenye msumeno ukingoni. Unaweza kuirusha, unaweza kumvamia nayo adui aliye mbali, na zaidi ya yote, unapangua nayo. Makombora ya kijani yakikujia, unainua ngao kwa wakati barabara nayo yanamrudia aliyeyafyatua. Ni kazi ya golikipa kwenye penalti: ukiruka mapema umefungwa, ukichelewa umefungwa. Wahakiki walioipenda waliipenda kwa sababu hii, na mimi niko upande wao. Kusimama mbele ya kundi zima la mashetani, ukapangua, ukavunja, ukapangua tena, kuna ladha ambayo DOOM za nyuma hazikuwa nayo. Waliolalamika walisema wamenyang'anywa kasi na uhuru wa kuruka. Nao hawajakosea. Aliyeipenda Eternal kwa sababu ya kuelea hewani ataona miguu yake imefungwa mawe.

Jambo lililosifiwa karibu na kila mtu, na linalostahili kuigwa na studio nyingine, ni namna ya kujipangia ugumu. Hulazimiki kuchagua kati ya rahisi, wastani na ngumu tu. Unarekebisha kila kitu peke yake: pigo la adui likuumize kiasi gani, maadui wawe wakali vipi, muda wa kupangua uwe mrefu au mfupi, hata kasi ya gemu nzima. Mtu ambaye mikono yake haina wepesi wa kijana anaweza kuifurahia bila kuona haya, na anayetaka kuteswa atateswa.

Sasa lawama nzito. Kuna hatua unazopanda joka, na nyingine unazoendesha jitu la chuma lenye ukubwa wa jengo. Kwenye matangazo ndizo zilizovuta macho. Kwenye hakiki ndizo zilizopigwa zaidi: nzuri kutazama, nyepesi kucheza, zinajirudia. Nimezimaliza zote na sina la kuzitetea. Joka lenyewe lina uzuri wake, lakini mapigano yake ni kukwepa na kupiga, kukwepa na kupiga. Bahati njema ni sehemu ndogo ya hatua 22 za gemu. Lawama ya pili ni hadithi. Safari hii kuna maonyesho marefu zaidi ya wahusika wakizungumza, na wengi hawakuona faida yake. Ya tatu ni muziki. Mick Gordon hakurudi, kazi ikafanywa na watunzi wa Finishing Move, na ingawa ni muziki mzito na safi, ukizima gemu haukufuati kitandani. Tena hakuna kabisa sehemu ya kushindana mtandaoni. Mimi sioni hasara, ila kama marafiki zako ndio sababu ya kununua, acha.

Kuhusu mashine, soma kwa makini. Haipo kwenye PS4, Xbox One wala Switch ya kwanza. Kwenye kompyuta inadai kadi ya michoro yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga (ray tracing), na uwezo huo hauzimiki kwenye mipangilio, kwa maana mwanga wote wa gemu umejengwa juu yake. Kiwango cha chini kilichotajwa ni kadi kama RTX 2060 Super au RX 6600 zenye gigabaiti 8, pamoja na RAM ya gigabaiti 16 na nafasi ya gigabaiti 100. Kadi yenye nguvu lakini ya kizazi cha nyuma kuliko hapo haitakusaidia. Nakala ya diski ya PS5 nayo ilileta malalamiko, kwani ndani yake kuna takriban megabaiti 85 tu, na gemu yenyewe unaipakua. Anayenunua diski ili akwepe gharama ya intaneti atakuwa amelipa mara mbili.

Ilitoka kwa dola 70, kumi zaidi ya Eternal siku yake ya kwanza. Kwa bei hiyo naiweka ya tatu. Ikishuka hadi nusu na mashine yako inaiweza, ipandishe ya pili. Kama tayari unalipia Game Pass, huduma ya Xbox ya kucheza gemu nyingi kwa ada ya mwezi, iliwekwa humo tangu siku ya kwanza, basi hakikisha bado ipo kwenye kiwango chako na uijaribu kabla ya kutoa pesa nyingine.

4. DOOM Eternal (2020)

Kati ya zile tatu mpya ndiyo yenye alama za juu kabisa, nami naiweka ya nne. Sababu si kwamba ni mbaya. Kwa ufundi wa mapigano naamini ndiyo bora kupita zote, na wako wahakiki walioiita kilele cha gemu za risasi. Sababu ni kwamba ni rahisi kuiacha njiani, na mwongozo huu ni wa mtu anayeanza.

Eternal ina sheria. Risasi ni chache kwa makusudi. Zikiisha unamkata adui kwa msumeno wa mnyororo. Ukitaka deraya unawachoma moto, ukitaka uhai unawamaliza kwa mikono. Shetani fulani anatupiwa bomu mdomoni, mwingine unamvunja kwanza mzinga wa mgongoni. Yote haya kwa wakati mmoja, huku ukiruka kutoka nguzo hadi nguzo. Mwanzoni unahisi kama unaendesha baiskeli huku ukijibu maswali ya hesabu. Kisha, kwangu ilikuwa kwenye hatua ya tano au ya sita, mikono inaanza kufanya kabla ya kichwa, na hapo hutaki kutoka.

Halafu anakuja adui aitwaye Marauder. Unampiga pale tu macho yake yanapong'aa kijani, na lazima uwe umbali wa katikati. Wengine walimwona ni mwalimu wa gemu nzima, wengine walizima konsoli. Jiulize wewe ni wa upande upi. Kama kushindwa mara kumi kunakutia hamu, inunue leo hata kabla ya ile ya 2016. Nyongeza zake mbili za The Ancient Gods ni ngumu zaidi, kwa hiyo usichukue kifurushi kamili mpaka uwe na hakika utaimaliza gemu ya msingi.

5. DOOM 64

Ilitoka 1997 kwenye Nintendo 64, ikasahaulika, ikarudishwa 2020 na studio ya Nightdive ikiongezewa hatua mpya. Ni DOOM ya kale yenye giza na ukimya wa kutisha, bila muziki wa gitaa. Ni ya bei ndogo. Ichukue baada ya namba 2, si kabla.

6. DOOM 3 (2004)

Hii ni gemu ya kutisha zaidi kuliko ya risasi. Njia nyembamba, taa zinazozimika, shetani anayetoka kabatini nyuma yako. Lawama kubwa ya 2004 ilikuwa tochi: ukiishika huwezi kushika bunduki, kwa hiyo unachagua kuona au kupiga. Toleo la BFG Edition la 2012 liliifunga tochi kwenye deraya, na malalamiko yakaisha, lakini na woga nao ukapungua. Ukitaka kutetemeka tafuta ya awali kwenye kompyuta, uicheze usiku na taa umezima.