Pampu ya mkono ya kufyonza mafuta ya breki: uzoefu wangu baada ya kuitumia mara nne

Nilinunua pampu hii kwa sababu moja tu: nilichoka kumsumbua mdogo wangu. Aliyewahi kutoa upepo kwenye breki za pikipiki kwa njia ya zamani anaijua kazi yenyewe. Mmoja anakamua mkono wa breki na kuushikilia, mwingine analegeza nati ya upepo pale kwenye kalipa (kile chuma chenye pedi kinachobana diski ya gurudumu), mafuta yanachuruzika, nati inafungwa, ndipo wa kwanza anaachia. Akiachia kabla nati haijafungwa, hewa inavutwa ndani na mnarudi mlikoanzia. Mdogo wangu alikuwa bingwa wa kuachia mapema, na kila mara alikuwa na uhakika kwamba kosa ni langu.

Kweli, pikipiki si gari. Mtu mmoja anaweza kujikunja, mkono wa kulia kwenye breki na wa kushoto kwenye spana, akamaliza peke yake. Ila ukijikunja hivyo hukioni kikopo cha mafuta juu kwenye usukani, na kikopo kikikauka kazi yote imeharibika. Nikaona heri ninunue kifaa.

Ndani ya boksi mlikuwa na pampu yenyewe, ina umbo la bastola na geji ndogo mgongoni, kikombe cha plastiki chenye mfuniko wa matundu mawili, mipira miwili ya kuonyesha ndani, na vichwa vya mpira vya ukubwa tofauti. Maelekezo yalikuwa karatasi moja, maandishi madogo kweli kweli, na lile nililohitaji kuliko yote halikuwemo. Nitalifikia.

Mafuta yangu yalikuwa yamegeuka rangi ya maji ya kutu. Mapya huwa meupe yenye umanjano kidogo, unaona hadi chini ya kikopo. Rangi peke yake haisemi kila kitu, lakini nilikuwa nimepitisha miaka mitatu, na kitabu cha pikipiki kinasema miwili. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani taratibu hata kama hujawahi kufungua mfuniko. DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu kalipa inapata moto, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea wakati mafuta hayabonyei. Unakamua, mkono unakuja mpaka kwenye mpini, pikipiki bado inaenda. Mimi ilinitokea kidogo tu, kwenye kona ya mwisho ya mteremko, na hicho kidogo kilinitosha.

Neno moja kuhusu kopo la mafuta. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja. DOT 5 ni silikoni, na haichanganywi na hizo nyingine. Aliyezipa 5 na 5.1 majina yanayokaribiana hivyo hakututendea haki. Soma mfuniko wa kikopo chako, umeandikwa.

Matayarisho yalinila muda kuliko kazi yenyewe. Nilizungusha usukani mpaka kikopo kikakaa sawa, nikafunika tangi na blanketi kuukuu, nikaweka ndoo ya maji karibu, kwa sababu mafuta haya yanakula rangi na dawa yake ni kuyaosha kwa maji haraka. Skrubu mbili za mfuniko ndizo zilizonitoa jasho. Ni laini, zimekaa miaka, na bisibisi isiyoingia vizuri inazikwangua vichwa papo hapo. Moja niliikwangua. Ile ya pili niliigonga kwanza kwa nyundo ndogo juu ya bisibisi, mara tatu, ikalegea kama si yenyewe.

Usianze kufyonza kutoka chini wakati kikopo kimejaa uchafu. Nilivuta mafuta ya zamani kwa bomba la sindano, nikafuta kikopo kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na pale chini nikaona ute mweusi kama wino uliokauka. Kuna vitundu viwili kwenye sakafu ya kikopo, kimoja ni kidogo kama ncha ya sindano. Hicho kidogo ndicho kinachorudisha mafuta ukiachia breki. Kikizibwa na ule ute, pedi zinaendelea kubana diski hata usipogusa kitu. Nilijaza mapya, nikashuka kwenye kalipa.

Hapo nikafanya kosa la kitoto. Nilichomeka mpira kwenye nati, nikaubana vizuri kwa waya, kisha nikachukua spana. Spana ya duara haipiti tena! Inatakiwa itangulie spana namba 8, mpira ufuate juu yake. Nikafungua waya, nikaanza upya, nikashukuru kwamba sikuwa na mtazamaji.

Nikapampu, sindano ya geji ikapanda, nikalegeza nati robo mzunguko. Raha yake! Mafuta ya kutu yalikimbia kwenye mpira bila mtu kugusa breki. Dakika mbili tatu, nikiwa naongeza mapya juu, rangi ikaanza kubadilika. Mafuta machafu na masafi yalifuatana ndani ya mpira, na mpaka kati yao unaonekana wazi. Hapo nilikuwa tayari kuandika kwamba kila mwenye pikipiki anunue.

Kisha vikaja vipovu. Vidogo, vya ukubwa mmoja, mfululizo kama ushanga. Nikajua bado kuna hewa. Nikaendelea. Nikaongeza mafuta, nikapampu, vipovu. Nikagonga kalipa kwa mpini wa bisibisi, nikagonga mpira wa breki kuanzia chini kwenda juu, vipovu vilevile. Kufikia saa tisa nilikuwa nimemaliza karibu chupa nzima ya nusu lita kwa breki ya mbele peke yake, ambayo mafuta yake yote yanaingia kwenye kikombe kidogo. Mgongo unauma, hasira imepanda, nikafunga nati niache. Kwa mazoea tu nikakamua breki. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

Hewa ile haikuwa ndani ya mfumo hata kidogo. Ukilegeza nati, hesi zake, ile mikato ya kuzungushia, zinakuwa na nafasi, na pampu inavuta hewa ya nje kupitia hesi hizo moja kwa moja hadi kwenye mpira wako. Ukikamua kwa mkono hili halitokei, kwa kuwa mafuta yanasukumwa kutoka ndani kwenda nje. Pampu inavuta, na inavuta kutoka popote inapopata. Hilo ndilo lililokosekana kwenye karatasi ya maelekezo, na ndiyo sababu siipi pampu hii alama zote. Mtu anaweza kumwaga lita mbili akifukuza hewa ambayo haipo.

Siku hizi nazitofautisha. Hewa ya kweli inakuja kwa mafungu: povu kubwa, kisha mafuta matupu, kisha povu jingine, halafu inakoma. Hewa ya hesi haikomi na haibadiliki. Nimejaribu kupaka grisi nzito kuzunguka shina la nati, nje tu, na vipovu vilipungua sana. Wapo wanaoifungua nati yote na kuzungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye hesi, bila kufunika ncha wala kitundu. Inafanya kazi pia, ingawa mimi napenda kutofungua kisicholazimu. Vyovyote vile, mwisho namalizia kwa mkono: nakamua, nalegeza, nafunga, naachia, mara nne au tano. Hapo mpira unaonyesha ukweli.

Breki ya nyuma ilinifundisha jambo la pili. Kikopo chake ni kidogo, na pampu inakunywa haraka kuliko unavyodhani. Niligeuka kuchukua kitambaa, niliporudi kikopo kimekauka na hewa imeshaingia masta silinda, ile pampu ya breki yenyewe inayosukuma mafuta. Dakika arobaini zilipotea. Tangu siku hiyo mivuto yangu ni kumi, nasimama, naangalia juu, naongeza, ndipo naendelea. Angalia pia nati ya upepo imekaa wapi. Ikiwa haiko sehemu ya juu kabisa ya kalipa, hewa itabaki imejificha juu yake hata upampu mpaka kesho. Fungua kalipa, iinue nati itazame juu, weka kipande cha ubao katikati ya pedi, kisha utoe upepo.

Kwenye kufunga, tafadhali, polepole. Nati hii ina tundu katikati, ni dhaifu. Kitabu changu kinataka kama Nm 6, nguvu ya vidole na spana fupi. Ikikatikia ndani, umejitafutia kazi ya siku mbili.

Pikipiki yangu ya pili ina ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisigande ukishika breki kwa nguvu, na hapo pampu haifiki kote. Ndani ya kisanduku cha ABS kuna vali zinazobaki zimefunga, na mafuta yaliyoko nyuma yake hayatoki kwa kufyonza. Nilichofanya ni kubadilisha kama kawaida, nikaenda mahali penye changarawe pasipo na watu, nikakanyaga breki ya nyuma mara kadhaa mpaka ABS ikagongagonga mguuni, nikarudi na kufyonza tena kidogo. Yalitoka mafuta yenye weusi kiasi. Kuna pikipiki zinazotaka kompyuta ya fundi kwa kazi hiyo, kwa hiyo soma kitabu chako kwanza.

Pampu iliponishangaza ni nilipobadilisha mipira ya breki. Mfumo ulikuwa mkavu kabisa. Kwa mkono ungekamua na kukamua bila kupata kitu, mkono unaenda bure kama mlango usio na kitasa. Kwa pampu, mafuta yalishuka hadi kalipa kabla sijachoka vidole. Kwa kazi hiyo pekee siwezi kuiuza.

Uimara ni wa wastani. Mara ya tatu niliacha kikombe kikajaa, kikaegama, mafuta yakapanda kwenye pampu yenyewe. Baada ya wiki kadhaa ilikuwa nzito na haishiki tena mvuto. Nikaifungua, nikaiosha kwa maji, nikaikausha vizuri, nikapaka grisi ya silikoni kwenye mpira wa ndani, ikarudi. Mpira wa mfuniko wa kikombe nao umeanza kulegea. Naushika kwa mkono nikipampu. Geji inafanya kazi ikitaka.

Kama unabadilisha mafuta kila baada ya miaka miwili na hugusi kingine, mpira mwepesi wenye vali ya njia moja ndani yake na chupa ya kutupwa vinakutosha, na havikudanganyi. Kama unafungua kalipa na mipira mwenyewe, nunua pampu. Nyota tatu na nusu kati ya tano.

Wiki iliyopita mdogo wangu aliiazima. Jioni akanipigia simu, sauti imekauka.

“Kaka, hivi vipovu vinaisha saa ngapi?”

“Umetumia mafuta kiasi gani?”

“Chupa iko chini ya nusu.”

Nikamwambia afunge nati, akamue breki, aniambie anasikia nini.